Uhaba una mwenyewe, na si mama wa sokoni

Asubuhi moja pale Birere nilisimama nyuma ya baba mmoja aliyekuwa akinunua maharagwe. Aliuliza bei ya kipimo kimoja, akaambiwa, akashika kichwa. Kisha akamwambia yule mama muuzaji, kwa sauti iliyofika hadi meza ya tatu: "Nyinyi ndio mnatuua. Vita inatuua upande huu, nanyi mnatumalizia upande ule." Mama hakujibu. Alijaza kipimo, akaongeza konzi moja juu yake, akapokea franka zake, akamgeukia mteja mwingine.

Nimelifikiria neno la yule baba kwa siku nyingi, kwa sababu si lake peke yake. Tunalisikia redioni, tunalisikia baada ya ibada, tunalisikia ndani ya gari la kwenda Sake. Bei zikipanda, wafanyabiashara ni wanyonyaji. Bidhaa zikikosekana, wafanyabiashara wamezificha. Na kila mwenye mamlaka, awe nani, analipenda sana neno hilo, maana linamtoa yeye kwenye kesi.

Leo nataka kumtetea mama yule, na nimemleta shahidi kutoka mbali. Ni mchumi wa Hungary aitwaye János Kornai, mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza kwa nini nchi za kikomunisti, zenye viwanda vikubwa na wahandisi wengi, zilishindwa kumpa mwananchi nyama, viatu na nyumba bila foleni. Jibu lake linatuhusu sisi wa Goma kuliko tunavyodhani.

Aliyewasikiliza watu wa viwandani

Kornai alizaliwa Budapest mwaka 1928 na alifariki Oktoba 2021. Ujanani alikuwa mkomunisti wa dhati, tena mwandishi wa habari za uchumi katika gazeti la chama. Katikati ya miaka ya 1950 aliondolewa gazetini, akaingia katika utafiti. Hapo alifanya jambo dogo ambalo wakubwa wa wakati ule hawakulizoea: aliwaendea wasimamizi wa viwanda vyepesi, akawauliza kazi yao inakwendaje hasa. Hakuwauliza vitabu vya chama vinasemaje. Alitetea tasnifu yake mwaka 1956, wiki chache tu kabla ya wananchi wa Hungary kuinuka dhidi ya serikali yao na vifaru vya Kisovieti kuwazima.

Alichokikuta viwandani ni hiki. Amri zilitoka juu: zalisha kiasi fulani kufikia tarehe fulani. Msimamizi alitafuta namna ya kutimiza hesabu, hata kama bidhaa yenyewe haikumfaa mtu. Mwanzo wa mwezi kazi ililala, mwisho wa mwezi watu walikimbizana. Malighafi haikuwa na uhakika wa kufika, kwa hiyo kila kiwanda kililimbikiza ghalani hata kisichokihitaji, kikiogopa kesho. Na kwa kuwa kila mmoja alilimbikiza, kila mmoja alikosa.

Biashara ya nje nayo ilikuwa mali ya serikali. Kiwanda cha viatu hakikuweza kujitafutia mteja ng'ambo wala kujinunulia mashine huko; kulikuwa na mashirika maalumu ya serikali kwa kazi hiyo. Nchi za kambi ya Moscow zilibadilishana bidhaa kwa mikataba iliyopangwa na wakubwa, chini ya baraza la Comecon lililoundwa mwaka 1949. Mwenye kuuza hakumjua mwenye kununua, na mwenye kununua hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mwaka 1980 Kornai alitoa kitabu kikubwa juu ya uchumi wa uhaba. Humo alisema jambo ambalo ningependa kila diwani na kila mkuu wa ushuru alisikie. Uhaba wa nchi zile haukuletwa na uvivu wa wafanyakazi, wala na walanguzi, wala na mwaka mbaya wa mavuno. Ulizaliwa na utaratibu wenyewe, na uliendelea kuzaliwa kila siku hata pale kila mtu alipofanya kazi yake vizuri.

Moyo wa hoja yake ni wazo ambalo kwa Kiswahili chetu naweza kuliita mfuko uliolegea. Mama wa Birere akinunua maharagwe kwa bei mbaya, hasara ni yake. Wiki mbili za namna hiyo na meza yake inafungwa. Mfuko wake umekazwa. Lakini shirika la serikali likipata hasara, serikali inalifuta machozi: inalisamehe kodi, inalipa ruzuku, inaliamuru benki ilikopeshe tena. Mkuu wa shirika hilo akishajua kwamba ataokolewa, hana sababu ya kuogopa hasara wala ya kumjali mteja. Anachojali ni kuwa karibu na anayeokoa. Anataka zaidi, anapoteza zaidi, na mteja anabaki kwenye foleni akibembeleza.

"Lakini sisi hatukuwa wakomunisti"

Msomaji ataniambia: hayo ni ya Wazungu wa Mashariki, sisi tulikuwa na Mobutu, rafiki wa Marekani. Ni kweli. Lakini tazama alichokifanya.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba makubwa na biashara nyingi za wageni zitapewa Wazaire. Wagiriki, Wareno, Wabelgiji, Wahindi na Wapakistani waliokuwa wakiendesha biashara ya kati nchini walinyang'anywa. Hapa Kivu yaliguswa mashamba ya kahawa, ya chai na ya kwinini. Desemba 1974 alizuru Beijing na Pyongyang, na aliporudi akatangaza hatua kali zaidi, akizitia mikononi mwa dola hata kampuni ambazo mwanzo ziliachwa. Rafiki wa Marekani alikwenda kujifunza kwa Mao na Kim Il-sung namna ya kutawala uchumi.

Wengi wa waliopewa mali zile walikuwa watu wa chama na jamaa za wakubwa. Wapo waliouza bidhaa zilizokuwa ghalani wakafunga mlango, kwa sababu hawakujua mali inaagizwa wapi wala inalipwaje, na hakuna aliyewaadhibu kwa kushindwa. Rafu zikawa tupu. Bei ya shaba duniani nayo ilianguka tangu 1974, dola zikapungua. Kufikia mwaka 1976 Mobutu alikuwa amerudi nyuma, akiwaita wenye mali wa zamani wachukue sehemu kubwa ya walichonyang'anywa. Wengine walirudi. Wengi hawakurudi.

Kisha, Desemba 1979, noti za zaire 5 na za zaire 10 ziliondolewa ghafla kwenye mzunguko. Mtu alipewa siku chache na kiasi cha mwisho cha kubadilisha. Mkulima aliyeweka akiba ya kahawa yake chini ya kitanda, mbali na benki, aliamka akiwa na makaratasi. Wazee wetu walijifunza somo ambalo hawajalisahau hadi leo: pesa ya dola inaweza kufa usiku, lakini mzigo hauwezi.

Gécamines ndiyo mfano mkubwa zaidi wa mfuko uliolegea katika nchi hii. Katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mfuko wake ulilegea pande zote mbili: wakubwa walichota humo kwa mahitaji yao, na hakuna aliyedaiwa hesabu mgodi ulipokosa vipuri. Kornai hakuandika juu ya Katanga, lakini angeutambua ugonjwa huu tangu mlangoni.

Wakati dola inaharibu, nani alikuwa akiwalisha watu? Mwaka 1991 kilitoka kitabu kilichoratibiwa na Janet MacGaffey juu ya uchumi halisi wa Zaire, na ndani yake mtafiti Vwakyanakazi Mukohya alieleza biashara ya Kivu Kaskazini ya miaka ile. Alionyesha jinsi kahawa na dhahabu zilivyotoka kuelekea mashariki bila kupita katika vitabu vya serikali, na jinsi magari, mafuta na bidhaa za dukani zilivyoingia kwa njia hiyo hiyo. Serikali iliita hiyo magendo. Kwa familia nyingi za Butembo, Beni na Goma ilikuwa ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Kifungu cha 15, kile cha kujitegemea mwenyewe, hakikuandikwa na mbunge yeyote, lakini ndicho kilichofuatwa kuliko sheria zote.

Tanzania ilijaribu kuwakamata

Kama kuwabana wafanyabiashara kungeleta bidhaa, jirani zetu Tanzania wangekuwa wamefaulu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya jumla na ya nje iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya vita na Idi Amin na baada ya bei ya mafuta kupanda, sabuni, sukari na khanga vilikuwa vitu vya kupangia foleni.

Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliwaendea waliitwao wahujumu uchumi. Maghala yalipekuliwa, watu wakawekwa ndani, wengine wakatupa bidhaa usiku wakiogopa kukutwa nazo. Nia ya Sokoine ya kumtetea mnyonge haikutiliwa shaka na wengi, na hadi leo anakumbukwa kwa heshima. Lakini bidhaa hazikurudi madukani. Zilizokuwa chini ya kaunta zilitoweka kabisa.

Mwaka uliofuata, 1984, serikali ileile iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa fedha hizo alizipata wapi. Hapo ndipo rafu zilipoanza kujaa. Mwaka 1985 alikuja Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimbatiza Mzee Ruksa. Sisemi maisha yalikuwa mteremko: mishahara ilibaki midogo mbele ya bei mpya, na huduma za jamii ziliumia. Ninachosema ni kwamba bidhaa ambazo polisi walizitafuta kwa mwaka mzima zililetwa na watu walewale waliokuwa wakisakwa, mara tu sheria ilipoacha kuwasaka.

Mageuzi ya nusu

Hapa Kornai ana onyo kwa wale wanaodhani kufungua soko ni kutangaza tu. Hungary ilianza mageuzi tarehe 1 Januari 1968. Amri za lazima za uzalishaji zilifutwa, wakurugenzi wakaambiwa watafute faida. Dunia ilisifu. Lakini Kornai, akiangalia kwa karibu, aliona kwamba mkurugenzi aliyekuwa akibishana na wizara juu ya tani, sasa alibishana nayo juu ya ruzuku, kodi na mikopo. Macho yake yalibaki yameelekea juu, hayakuelekea kwa mteja. Mfuko haukukazwa.

Wachina walianzia mahali pengine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 familia za vijijini zilianza kulima vipande vyao, zikatoa sehemu ya serikali, na kilichozidi zikakiuza sokoni. Mkulima alikuwa na mfuko uliokazwa na pia ruhusa ya kula jasho lake. Mwaka 1985 Kornai alialikwa pamoja na wachumi wengine kwenye mkutano uliofanyika ndani ya meli katika mto Yangtze, akawaeleza wakuu wa uchumi wa China juu ya uhaba na juu ya mfuko uliolegea. Walimsikiliza kwa makini, na vitabu vyake vikasomwa sana nchini mwao.

Kongo nayo imefanya mageuzi ya karatasi. Sheria ya tarehe 7 Julai 2008 iliyabadilisha mashirika makubwa ya umma, yakiwemo SNEL, REGIDESO na Gécamines, yawe kampuni za biashara. Bango lilibadilika. Lakini taasisi za dola ziliendelea kuwa na madeni ya umeme na maji yasiyolipwa, na kampuni isiyolipwa na mteja wake mkubwa haiwezi kumhudumia mteja wake mdogo. Ni Hungary ya 1968, mbele ya macho yetu.

Goma inajua jibu tayari

Turudi nyumbani. Inua macho kwenye barabara nyingi za mji huu utaona nyaya za umeme za kampuni zaidi ya moja. Kwa miaka mingi tulitegemea SNEL na laini yake inayotoka Ruzizi, Kivu Kusini, na sote tunajua tulivyoishi na mshumaa na makala. Desemba 2015 kituo cha Matebe, Rutshuru, kilizinduliwa, na Virunga Energies ikaanza kuleta umeme mjini. Mwaka 2020 Nuru ikafungua mtambo wake wa jua wa megawati 1.3 hapa Goma. Mteja ananunua umeme wake mbele, kwa mita.

Tuwe wakweli: Virunga ilijengwa kwa misaada mikubwa ya wafadhili, kwa hiyo haiwezi kutajwa kama duka lililojiinua lenyewe. Na wanaolalamika kwamba umeme bado ni ghali kwa mtu wa hali ya chini wana haki. Lakini tofauti ninayoitaka mwone ni hii: kampuni inayolipwa siku inapotoa huduma, na isiyolipwa siku isipotoa, ina sababu ya kuamka usiku kurekebisha transfoma. Hatukuhitaji kumkamata mtu ili taa ziwake.

Tazama sasa pesa taslimu. Mji ulipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na uwanja wa ndege nao ukafungwa. Katika miezi iliyofuata, noti zenyewe zikawa bidhaa adimu. Mwalimu aliyepokea mshahara kwenye simu alilazimika kumwachia wakala asilimia fulani ili apate noti mkononi. Dola iliyochanika kidogo ilikataliwa, iliyo safi ikabembelezwa. Tukamwita wakala mnyonyaji. Lakini wakala hakufunga benki. Anauza kitu kilichokosekana, na kitu kilichokosekana hudai bei yake, uipende usiipende.

Hili linajibu swali ambalo msomaji makini atakuwa nalo. Budapest ya zamani ilikuwa na bei ndogo na rafu tupu. Goma ina bei kubwa na meza zilizojaa. Je, si magonjwa mawili? Hapana, ni homa moja iliyopimwa kwa vipimo viwili. Pale bei inapopigiliwa msumari, uhaba unatokea kama foleni. Pale bei inapoachwa, uhaba unatokea kama bei. Na mkubwa akija na bunduki kuipigilia bei ya kadhafi anayeuza petroli barabarani, kesho yake chupa zinaondoka mezani na petroli inauzwa nyuma ya nyumba, ghali zaidi, kwa watu wanaofahamiana.

Bei ya maharagwe imebeba nini

Sasa fuata gunia moja la maharagwe kutoka Masisi au Rutshuru hadi meza ya Birere. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu mbili, wakapata 798. Wengine wenye vizuizi hivyo walikuwa wa jeshi na wa serikali, wengine wa makundi yenye silaha. Ramani ya nani anakaa kwenye kamba imebadilika mara nyingi tangu hapo. Kamba yenyewe haijabadilika. Kila kamba inakula kutoka gunia lile lile, na mama wa mwisho ndiye anayetajiwa jumla yake, halafu ndiye anayetukanwa.

Au simama kwenye Petite Barrière asubuhi. Kabla ya korona, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kwa siku moja kati ya Goma na Gisenyi, na walio wengi katika biashara ile ndogo ni wanawake wenye beseni kichwani na mtoto mgongoni. Benki ya Dunia ilipowauliza wachuuzi wa mipaka ya Maziwa Makuu zaidi ya miaka kumi iliyopita, wengi walisimulia kudaiwa rushwa, kusumbuliwa na hata kudhalilishwa. Na bado wanavuka, kwa sababu nyanya haingoji.

Kongo ni mwanachama wa COMESA, ambayo ina utaratibu rahisi wa kumwezesha mchuuzi mwenye mzigo mdogo kuvusha bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa bila ushuru wa forodha. Mwaka 2022 tukaingia pia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yote hayo yapo kwenye karatasi. Muulize mama wa beseni kama amewahi kuiona orodha hiyo imebandikwa mahali anapoweza kuisoma, kwa lugha anayoielewa.

Wapo watakaosema natetea soko huria lisilo na huruma. Siko huko. Wapo wafanyabiashara wanaochanganya unga na vumbi, wanaopunguza kipimo, wanaoshirikiana na wenye silaha kuwafungia wengine njia. Hao washitakiwe. Tena nchi za kikomunisti, pamoja na foleni zao, ziliwasomesha watoto wa maskini, jambo ambalo sisi tumeshindwa mara nyingi. Na soko lenye bunduki kila kilomita tano si huria hata kidogo. Kornai mwenyewe hakuliabudu soko. Alilitaka kwa sababu aliishi mahali ambapo mwenye kugawa mkate alikuwa ndiye mwenye kugawa adhabu, na hakutaka mikono hiyo miwili iwe ya mtu mmoja.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni machache, na nayaomba kwa yeyote anayekaa kwenye kiti leo na kwa yule atakayekaa kesho.

La kwanza, kila ushuru unaodaiwa mpakani na barabarani uandikwe kwenye ubao, kwa Kiswahili, na kiasi chake na risiti yake. Usioandikwa usilipwe. Gunia lilipe mara moja, si mara kumi na mbili.

La pili, mchuuzi mdogo apewe njia halali iliyo nafuu kuliko njia ya panya. Asiyetaka magendo aifanye njia ya mbele iwe fupi. Tanzania ilijifunza hilo mwaka 1984 baada ya mwaka mzima wa kusaka. Hatuna haja ya kurudia darasa.

La tatu, taasisi za umma zilipe bili zao za umeme na maji kama mwananchi anavyolipa, na shirika litakalookolewa kwa fedha za watu litoe kwanza hesabu zake mbele ya watu. Mfuko wa mkubwa ukazwe kama ulivyokazwa mfuko wa mama.

La nne, mpango wowote wa kutuletea amani uhesabu benki, uwanja wa ndege na barabara za mashamba kuwa sehemu ya amani yenyewe. Mji wa watu wengi kama huu haulishwi kwa hotuba.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye meza ile ile. Nilimuuliza yule mama kwa nini hakumjibu yule baba siku ile, ilhali hasara anayoipata njiani anaijua yeye. Akacheka kidogo. "Ningemjibu nini, papa? Yeye ana watoto, mimi nina watoto. Wote wawili tumetoka kulipa." Kisha akaniambia gunia la safari hii limesimamishwa mahali sita kabla ya kufika, akanihesabia kwa vidole, na mkono wa kwanza haukumtosha.

Siku nyingine bei ikikushtua, ndugu msomaji, usimkatie mama maneno. Muulize gunia limepita wapi. Halafu hesabu hiyo tuipeleke pamoja kwa wanaoshika kamba.